Maumivu ya Tendo la Ndoa Hedhi Ikishakoma: Nilichojifunza Mwenyewe

Kwa miezi saba nilikuwa nasugua masufuria usiku. Yalikuwa safi. Nilisugua tu, huku nikisikiliza chumbani kama mume wangu ameshaanza kukoroma, ndipo niingie kulala kwa kunyata kama mwizi. Nilikuwa na miaka 53, muuguzi mkunga, nimezalisha watoto wa Ngamiani, hapa Tanga, mpaka nikazalisha na watoto wa watoto hao, na sikuthubutu kumwambia mtu kwamba tendo la ndoa limegeuka kuwa kama kupigwa msasa.

Siku nilipojikaza kumwona daktari, kijana wa umri wa mwanangu, alitabasamu akaniuliza, "Mama, kwani bado mnaendelea?" Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Ndiyo maana naandika: wewe ukikutana na wa aina yake usiondoke kama mimi. Kaa, uliza tena, na ujue unachouliza.

Kimetokea nini huko ndani

Hedhi tunasema imekoma ukipitisha miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Wengi wetu hutokea kati ya miaka 45 na 55, na aliyetolewa vifuko vyote viwili vya mayai kwa upasuaji huikuta siku ileile. Homoni ya estrojeni hushuka, na uke ni kiungo kinachoitegemea sana homoni hiyo. Ngozi ya ndani iliyokuwa nene, yenye mikunjo inayovutika, inakuwa nyembamba na ya kupauka. Damu inayofika hapo inapungua, na ule unyevu wa mahaba hutokana na damu hiyo. Bakteria wazuri waliokuwa wanatunza uchachu wa uke nao wanapungua, ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kusumbuliwa na UTI anaanza kuugua kila mara.

Ukiwa uliwahi kunyonyesha, huenda hali hii unaijua. Ukavu wa miezi ile ulitokana na estrojeni ileile kushuka. Tofauti ni kwamba ule uliondoka wenyewe. Huu hauondoki. Joto la ghafla na jasho la usiku kwa wengi hupoa miaka ikienda. Ukavu, ukiuacha, huzidi. Mwenye haraka akisoma sentensi hii moja akafunga simu, kazi yangu si bure.

Vitabu tulivyosomea sisi viliuita ugonjwa huu kusinyaa kwa uke, na jina lenyewe lilitosha kumnyamazisha mtu. Mwaka 2014 vyama viwili vya wataalamu vilikubaliana jina jipya linalotaja ukomo wa hedhi, sehemu za siri na njia ya mkojo kwa pamoja. Sawa, hatua hiyo. Ila kwa daktari sema hivi hivi: "Nina ukavu na maumivu ukeni tangu hedhi ikome."

Kabla hujanunua chochote

Chukua kioo kidogo, funga mlango, jitazame kwenye mwanga. Nimewaambia hivi wanawake wengi wakaficha nyuso kwa kanga, watu wazima waliozaa watoto sita. Kupauka na wekundu wa kuchubuka mlangoni huendana na ukavu. Ukiona ngozi imekuwa nyeupe, nyembamba kama karatasi, na inawasha sana hasa usiku, huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine wa ngozi wenye dawa yake. Kidonda au uvimbe, usingoje.

Jiulize pia maumivu yako wapi. Yakiwa mlangoni, ya kuungua, na mkojo ukipita panachoma, ukavu ndio wa kushukiwa kwanza. Yakiwa ndani kabisa, chini ya kitovu, yanaweza kutoka kwenye kizazi, kibofu au utumbo. Hayo hayamalizwi na jeli.

Na damu. Hedhi ikishakoma, hakuna damu ya kawaida. Hata tone moja kwenye kanga, hata kama limetoka baada ya tendo na unadhani umechubuka tu, nenda kapimwe. Mara nyingi huwa ni mchubuko kweli, lakini saratani ya mlango wa kizazi na ya mfuko wa uzazi nazo hubisha hodi hivyo hivyo. Neno moja la kiuguzi hapa: kile kipimo cha kupaka siki hakifai sana hedhi ikishakoma, kwa sababu eneo linalotazamwa huwa limerudi ndani. Uliza kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi.

Acha kujiwekea vitu

Hapa wenzangu wa Pwani watanichukia. Shabu, acha. Maji ya ndimu, acha. Sabuni ya harufu, dawa ya kuua vijidudu, kujifukiza mpaka kukauke, acha vyote. Tulifundishwa kwamba mwanamke safi ni mkavu na aliyebana, na ujanani uke wetu ulivumilia kwa sababu ulikuwa na akiba. Sasa akiba imekwisha. Shabu kwenye ngozi nyembamba ni kama chumvi kwenye kidonda. Maji matupu, nje tu, yanatosha.

Jeli, na jeli nyingine

Duka la dawa litakuchanganya, kwa hiyo tenganisha mambo mawili. Kuna kilainishi, kinachopakwa wakati wa tendo, na kuna jeli ya unyevu, inayowekwa ukeni kila baada ya siku mbili au tatu, mkutane msikutane, kama unavyopaka mafuta miguu iliyokauka.

Kilainishi cha maji ndicho rahisi kupatikana, na hakiharibu kondomu. Hukauka haraka, ongeza bila aibu. Cha silikoni hudumu zaidi. Epuka vyenye ladha, harufu, au vinavyodai "kupasha joto". Kwenye ngozi iliyochubuka utaruka kitanda. Kama lebo ina maelezo, Shirika la Afya Duniani liliwahi kupendekeza kwamba uzito wa myeyuko, unaoandikwa mOsm/kg, usizidi 1200, na uchachu wa pH uwe karibu 4.5. Mate hayasaidii, yanakauka kabla hujageuka. Mafuta ya nazi wengi wanayapenda, na mlio wawili msiotumia mpira mnaweza kuyajaribu, ila yanapasua kondomu. Mafuta ya mgando usiyaingize kabisa.

Kiasi? Nusu kijiko cha chai kwa kuanzia, na mume naye apakwe. Niliowaona wakisema "jeli haikunisaidia" wengi wao walitumia tone kama wanaweka jicho.

Dawa yenyewe

Jeli hulainisha, hairudishi ngozi. Kinachoirudisha ni estrojeni kidogo inayowekwa palepale ukeni: krimu ya estrioli au kidonge kidogo cha estradioli. Haipo kila duka, na usiinunue bila kupimwa. Utaratibu niliopewa mimi, nao ndio wa kawaida, ni kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Unajaza bomba lake mpaka kwenye alama, unalala chali, unaingiza taratibu, unasukuma, basi. Lala usiku huo. Usiifanye kilainishi cha tendo, maana itamfikia mume, na baadhi ya krimu hizi hudhoofisha mpira.

Usikate tamaa siku ya kumi. Mimi nafuu niliiona wiki ya tano, na wengine huchukua hadi miezi mitatu.

Karatasi iliyomo kwenye boksi itakutisha na saratani na damu kuganda. Maonyo mengi ya namna hiyo yalitokana na utafiti mkubwa wa Marekani uliosimamishwa sehemu yake mwaka 2002, na ule ulihusu vidonge vya kumeza, si dawa ya ukeni. Piga hesabu mwenyewe: kidonge cha ukeni kina mikrogramu 10. Wiki mbili kila usiku, kisha mara mbili kwa wiki mwaka mzima, jumla ni kama miligramu 1.1. Kidonge kimoja cha kumeza huweza kuwa na miligramu 1, nacho humezwa kila siku. Hata hivyo, aliyewahi kuugua saratani ya matiti asianze mpaka azungumze na daktari wake wa saratani, hasa akiwa bado anameza dawa za kushusha homoni. Huyo aanze na jeli.

Misuli inayokumbuka

Nilipopona ngozi, bado niliumia. Hili chuo hakikunifundisha. Mwili ulioumizwa mara ishirini hujifunza kujikunja kabla haujaguswa, na misuli ya chini hufunga kama ngumi.

Somo wangu, yaani kungwi, alinifundisha kubana. Hakuna aliyenifundisha kuachia, na kuachia ndiko kunakohitajika hapa. Lala chali, magoti yameinuka na kuegemea mito pande zote. Vuta pumzi mpaka tumboni, na unapoitoa sukuma chini kidogo, kama unavyoanza kukojoa. Ukishaweza, paka jeli kidole kimoja, kiweke mlangoni wakati wa kutoa pumzi, kikae tu, dakika tano. Hakuna kusugua. Siku utakayokuwa huoni hofu, ingia ndani zaidi. Wiki nyingine, vidole viwili. Ikiuma, rudi nyuma hatua moja. Mimi ilinichukua karibu mwezi mzima. Aliyekeketwa akawa na kovu lililobana asilazimishe zoezi hili; amwone daktari kwanza. Palipo na mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayejua misuli ya nyonga, utasaidiwa vizuri zaidi.

Kumwambia mume

Usimwambie kitandani. Mimi nilimwambia alasiri, barazani, chai ya tangawizi mkononi. Nikasema, "Mume wangu, sikuchukii. Naumia." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba alikuwa ameshaamini nina mtu, au namdharau kwa uzee, na kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa anakunywa dawa ya mizizi aliyouziwa barabarani ili "asinichoshe kwa udhaifu". Yaani mimi nilikuwa naomba yaishe haraka, yeye analipia yachelewe! Tulicheka mpaka jirani akachungulia. (Dawa hizo za barabarani nyingine huwa zimechanganywa na za hospitali bila kusemwa, na mwenye moyo au presha zinaweza kumuua. Zake zilikwenda chooni siku ileile.)

Tulikubaliana mambo machache. Kwa wiki sita za dawa na mazoezi, hakuna kuingiliana. Kukumbatiana na mengine ruhusa. Tukianza tena, mahaba yawe marefu, robo saa na zaidi, kwa sababu damu ya kuleta unyevu sasa inatembea polepole. Mimi niwe juu, au tulale ubavu, ili kina na kasi nivishike mimi. Nikisema "subiri", asubiri, bila kununa. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa hofu kuliko krimu.

Wewe ambaye mume wako hawezi kusikia "subiri", tatizo lako limepita mafundisho haya, na una haki ya kumwambia muuguzi hivyo.

Msisahau mimba: ukiona damu ya mwisho kabla ya miaka 50 endelea na uzazi wa mpango miaka miwili tangu hapo, baada ya 50 mwaka mmoja. Na ngozi nyembamba huchanika upesi, kwa hiyo virusi hupita upesi. Mwenye wasiwasi na hali ya mwenzi wake asiache kondomu kwa sababu tu amekoma hedhi.

Sasa nina miaka 61. Dawa naweka Jumapili na Jumatano, na Ramadhani naiweka usiku nikishafuturu, kwa hiyo hakuna swali la kufungua. Mwaka juzi nilikaa kwa binti yangu miezi mitatu, krimu nikaisahau Tanga. Nikajiambia nimepona, ya nini tena. Niliporudi, kuungua kulikuwa kumerudi palepale. Nikaanza upya, kila usiku, wiki mbili, kama mara ya kwanza.