Umeambiwa una kansa ya titi? Kabla ya kundi, tafuta mtu mmoja

Niseme mapema, mi nauza mitumba Busia ya Uganda, si daktari. Kiswahili changu ni cha kambini, baba alikuwa askari na sisi watoto tumekulia huko, kwa hiyo mnivumilie.

Majibu yangu niliyapata Jumatano. Mpaka Ijumaa nilikuwa nimeshapewa ushauri na watu kama ishirini hivi. Shangazi anataka niende kwenye maombi ya kukesha, jirani kaleta majani ya kuchemsha, shemeji naye anauliza kwa upole kama kile kiploti cha Tororo kina karatasi. Wote wananipenda, sikatai. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukaa na dripu ya kemo, ile dawa ya kuua kansa, mkononi, na wazee walishasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi kazi yako wewe ni kumtafuta maiti aliyerudi, akwambie huko kukoje.

Nasema mtu MMOJA kwanza. Watu wengi wakishaambiwa wanakimbilia kutafuta kundi, wanaingizwa kwenye WhatsApp ya watu mia mbili, usiku huohuo wanakuta mmoja kafariki, mwingine anauliza habari ya ini, mwingine anatuma video ya mganga, wanazima simu na hawarudi tena. Kundi ni zuri lakini linataka uwe umeshasimama kidogo. Mwanzoni unahitaji mtu wa kumwambia "naogopa" akakujibu "mi pia niliogopa, kunywa chai kwanza".

Sasa ni mtu wa namna gani? Usitafute yule aliyepona miaka kumi na tano iliyopita, huyo baadaye, atakupa matumaini ila mambo mengi ameshasahau na dawa zimebadilika. Tafuta aliyekutangulia hatua mbili tatu. Kama unaanza kemo, tafuta aliyemaliza juzi. Kama unangoja kukatwa titi, tafuta ambaye kovu lake bado linamwasha. Huyo anajua hata mlango wa kuingilia.

Alafu jua aina ya kansa yako, manake kansa ya titi si moja. Muulize daktari mambo matatu tu: iko steji gani, inalishwa na homoni au hapana, na HER2 (protini inayosukuma kansa nyingine ikue) ni ndiyo au siyo. Ile karatasi ya majibu ya kinyama walichokata kupima, ipige picha na simu uiweke. Kwa nini nasisitiza? Mi yangu ni ya homoni, ninameza tamoxifen, kidonge kila siku kwa miaka 5 na wengine wanaambiwa 10. Nilipata rafiki mmoja mzuri sana lakini yake haikuwa ya homoni wala HER2, ile wanaita triple negative, yeye alipomaliza kemo na mionzi hakupewa kidonge chochote. Tukawa tunalinganisha, mi naona kama nimepewa dawa nyingi kwa sababu niko mbaya zaidi, yeye anaona kama daktari kamtupa. Tulipoteza usingizi bure wote wawili, kumbe kila mtu alikuwa na dawa ya ugonjwa wake.

Unampata wapi? Kwenye benchi. Huko ndiko wengi wetu tumepatana. Kemo mara nyingi inapigwa kila baada ya siku 21, hivyo mliopangiwa siku moja mtakutana tena na tena, sura zilezile, flaski zilezile. Mnakuwa kama Wagisu waliotahiriwa mwaka mmoja, hamsahauliani. Kama unatibiwa pale Uganda Cancer Institute, Mulago, ambayo ipo tangu 1967, watu wanatoka kila kona, Arua, Kabale, Moroto, na wakimbizi wa Kongo kutoka kambini. Usikae umeinamia simu. Angalia mama aliyefunga kitambaa kichwani na ametulia, anajua sista yupi anaita majina na choo kipi kina maji, ujue huyo si mgeni. Msogelee. Mi nilianza na swali la kijinga, "dada, hapa wanauza chai?" Ilikuwa inatosha.

Lugha ndiyo itakusumbua kama hujui Luganda. Najua mwaka 2022 serikali ilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, ila kwenye benchi bado ni "nyabo" (mama) na "kookolo" (kansa) tu, na ukikaa kimya watu wanadhani unaringa. Tamka kwa sauti kidogo: "Kuna anayesikia Kiswahili hapa?" Utashangaa. Atageuka mtu wa Bombo, au mke wa polisi, au Mkongomani, au muuza samaki wa Malaba. Rafiki yangu wa kwanza nilimpata hivyo, mama Mnubi, umri wa mama yangu, akanijibu "mwanangu, njoo ukae hapa kwangu".

Kama benchi limekushinda, kwa aibu au umechoka, muombe sista au ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali wakuunganishe. Sema hivi hivi: "Naomba mama aliyemaliza matibabu kama yangu, anayeongea Kiswahili, awe tayari kunipigia." Ukisema tu "nahitaji msaada" watafikiri unataka nauli. Alafu acha namba yako WAO wampe yeye, usidai namba yake, mtu ana haki ya kukataa.

Kuna pia shirika la UWOCASO huko Kampala, lilianzishwa 2004 na wanawake wenyewe waliopitia kansa ya titi, kwa hiyo ukiongea nao unaongea na mtu anayejua. Na Hospice Africa Uganda, shirika lililoanza 1993, wapo Makindye, Mbarara na Hoima. Watu wakisikia hospice wanadhani ni jeneza. Hapana bwana. Wanatuliza maumivu, ile morfini ya maji mgonjwa halipi, na wanakaa na wewe na familia mnaongea. Mtu anaweza kwenda kwao huku anaendelea na kemo. Mi nilichelewa kwenda kwa sababu ya hilo jina, nikateseka na mkono na bega wiki nzima nikijikaza.

Huko kijijini ambako hakuna benchi, anza na VHT wako, yule mhudumu wa afya wa kijiji, au mama wa kikundi cha akiba, au kama kuna imamu au padri anayefunga mdomo. Nimesema ANAYEFUNGA MDOMO. Kuna mwenzetu habari yake ilitangazwa kwenye ibada aombewe, Jumatatu wateja wake wa chapati wakaanza kupungua, wanadhani kansa inaambukiza. Haiambukizi, lakini nani atawaeleza wote.

Ukishampata mtu wako, uliza vitu vidogo vidogo. Vikubwa daktari atakwambia, vidogo hakuna anayekuandaa. Kwa mfano ile dawa nyekundu ya kemo, ukienda kukojoa mkojo unatoka mwekundu siku moja au mbili. Mimi sikuambiwa au niliambiwa sikusikia, nikapiga yowe chooni nikijua natoka damu. Mama Mnubi alicheka mpaka machozi, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu ile Jumatano. Uliza nywele zinaanza kutoka lini (kwangu ilikuwa kama wiki mbili na nusu, nikanyoa mwenyewe kabla). Uliza chakula gani kilikaa tumboni, mi matoke yalinishinda ila uji wa mtama na limau ulikubali. Uliza alivaa nini baada ya operesheni. Kuna wanaoshona kamfuko ka kitambaa laini wanajaza mtama, kanakuwa na uzito kama titi, unaweka kwenye sidiria, na gomesi inaficha mengi sana nawaambia, aliyebuni ile nguo Mungu amjalie. Uliza mazoezi ya mkono, yale ya kutembeza vidole ukutani kupanda juu, mwenzako atakuonyesha pale pale na utafanya, sista alikupa karatasi hukuisoma.

Uliza pia ya chumbani. Yule mume anasemaje, anaangalia kovu au anageuka. Hili hutaliuliza kwa daktari wa kiume wa miaka thelathini.

Kuna ambayo usimuulize: dozi, kama uache kidonge, kama uvimbe huu ni kansa imerudi. Yeye si maabara. Na joto likifika 38 ukiwa kwenye kemo usiulize mtu yeyote wala usingoje asubuhi, panda boda nenda hospitali, manake askari wa mwili wanakuwa wameshuka na maambukizi madogo yanaweza kukuua haraka. Mkono wa upande uliokatwa ukivimba nao uwaonyeshe mapema.

Haya, sasa kundi. Baada ya mwezi au miwili, ukiona unaweza kusikia habari ya mtu mwingine bila kuibeba nyumbani, ingia. Mengi yako WhatsApp, Facebook hapa kwetu ilifungwa Januari 2021 na si kila mtu ana nguvu za VPN ya kupita kizuizi. Kabla hujaingia ondoa picha yako ya profaili kama hujawaambia watu kazini, kwa sababu kundini namba yako inaonekana na wote. Zima mlio wa kundi, uwe unafungua wewe ukitaka. Wiki ya kwanza soma tu. Angalia admin anafanya nini mtu akileta dawa ya kienyeji ya laki tatu. Akifuta na kuonya, kaa. Akinyamaza, au dawa ni yake yeye mwenyewe, toka hata usiage. Mi niliwahi kulipa "uanachama" kwa kundi moja, jina nalihifadhi, elfu hamsini kwa mobile money, tukaambiwa tutapewa sidiria maalum na nauli ya kwenda kemo. Tulichopewa ni fulana za pinki mwezi wa kumi, ule wa kampeni ya kansa ya titi, tupigwe picha na mheshimiwa. Fulana ninayo, ninapigia deki.

Makundi ya Kenya na Tanzania yana faida ya lugha, Kiswahili kimenyooka na wanaeleza vizuri, ila habari za bima na bei za kwao usizilete huku utachanganyikiwa. Chukua ya mwili na ya moyo, ya pesa waulize wa kwetu.

Kitu kingine sijaona watu wanakisema. Kama yako ni steji ya nne, ile iliyofika mifupani au kwenye ini, kundi la kusherehekea "nimepona nimemaliza" linaweza kukuumiza kuliko kukusaidia. Wewe matibabu yako hayana siku ya kumaliza. Tafuta wa steji yako hata awe mmoja, hospice wanaweza kukusaidia kumpata. Na ninyi mliopona muwe na adabu, mtu akisema yake imesambaa usimjibu "omba sana na uache sukari". Hilo neno shujaa nalo, mi silipendi sana, linafanya aliyefariki aonekane alizembea.

Na wanaume, hawafiki mmoja kwa mia ya wenye kansa ya titi, lakini wapo. Nilimkuta mzee mmoja kwenye foleni, kila mtu anamuuliza "mgonjwa wako yuko wapi?" Maskini. Kama ni wewe, kundi la akina mama litakupokea ukimwambia admin kwanza, ila pengine rafiki mmoja mwenye kansa nyingine, hata ya tezi dume, atakufaa zaidi kwa maongezi ya kiume.

Kuna siku mtu wako hatapokea simu. Mama Mnubi alifariki mwaka uliofuata, yake ilirudi. Kwa miezi nilikwenda benchi ile sina hamu ya kuongea na mtu, nilikaa karibu na mlango nikiangalia ukuta. Ndiyo maana sasa nawaambia, ukishazoea kuwa na mmoja, ongeza wa pili na wa tatu taratibu, usingoje mpaka huyo mmoja akosekane. Na ikitokea, kama una nguvu nenda mazikoni, kama uko kwenye kemo na mwili umeshuka usiende, tuma rambirambi, watoto wake wataelewa.

La mwisho ni la simu. Kubalianeni mapema na mtu wako saa za kupiga, manake naye ana watoto na ana siku zake mbaya. Sisi tulikubaliana bipu. Bipu moja ni "niko salama, sitaki maneno". Bipu mbili "nipigie ukipata nafasi". Tatu, piga sasa hivi hata kama unasonga posho. Sasa hivi nina mgeni mmoja wa Tororo anayeanza kemo Jumanne, jana usiku alinibipu mara saba, nikapiga mbio nikidhani amezidiwa. Alikuwa anataka kujua kama anaweza kwenda na kucha zenye rangi.