Kalsiamu, dagaa na kupunguza uzito

Anayetaka kupunguza uzito asinunue vidonge vya kalsiamu kwa matumaini kwamba vitamyeyushia mafuta. Dhana hiyo ilipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutokana na kazi za mtafiti Michael Zemel wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ambapo watu wazima 340 wenye uzito uliozidi walipewa ama miligramu 1,500 za kalsiamu kila siku ama vidonge visivyo na dawa kwa miaka 2, haukuonyesha tofauti ya maana ya uzito baina ya makundi hayo. Ni kweli kwamba kalsiamu hushikana na sehemu ya mafuta utumboni yakatoka na choo, ila kiasi chenyewe ni kidogo mno.

Hata hivyo, nakusihi usiiondoe mezani, kwa kuwa wengi wanaopunguza chakula huanza kwa kuacha maziwa, na mwili ukikosa kalsiamu huichukua mifupani. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku, na glasi ya maziwa au mtindi usiotiwa sukari hutoa kama 300. Dagaa wakavu ni hazina, maana huliwa pamoja na mifupa yao. Waoshe mchanga uishe, kisha uwapike kwa nyanya, kitunguu na ndimu badala ya kuwakaanga, kwani kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori zipatazo 120. Mchicha usiutegemee sana kwa hili, kwa sababu oksalati, kemikali ya asili iliyomo, huizuia kalsiamu kufyonzwa vizuri.