Hesabu ya mwalimu anayehamia ng'ambo: anza na ratiba

Wiki moja nilipata barua mbili za ajira, moja kutoka shule ya binafsi Falme za Kiarabu, nyingine kutoka shule ya serikali Uingereza. Nikaziweka mezani sambamba, nikageuza tarakimu zote ziwe fedha moja, nikachagua yenye nyingi. Dakika kumi, kazi imekwisha. Na mimi ni mwalimu wa hisabati, mtu anayemkata mwanafunzi alama kwa kutoonyesha njia.

Njia yenyewe niliijua baadaye, nikiwa nimeshakaa Falme za Kiarabu miaka miwili na kuhamia Uingereza. Siku hizi wenzangu hunipigia simu usiku, barua iko mkononi na wamepewa siku tatu za kujibu. Hiki ndicho ninachowafanyisha.

Kwanza, unaruhusiwa?

Usipoteze jioni nzima ukipima kazi usiyoweza kupewa. Mpango wa Korea Kusini wa kuajiri walimu wa Kiingereza, EPIK, kwa mfano, huchukua raia wa nchi 7 tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kiingereza chako kiwe safi kiasi gani, pasipoti ndiyo inayoulizwa. Kwa Australia, tathmini ya AITSL, taasisi inayopima sifa za walimu wanaohamia huko, inataka mtihani wa Kiingereza wa IELTS kwa alama 7 katika kusoma na kuandika, na 8 katika kuzungumza na kusikiliza, isipokuwa kwa waliosomea nchi chache zilizosamehewa. Hiyo 8 imewarudisha watu wanaofundisha kwa Kiingereza kila siku ya maisha yao, kwa hiyo jiandae kwa mtihani kama mtihani.

England wana hadhi ya ualimu iitwayo QTS. Tangu Februari 2023 walimu waliosomea Ghana, Hong Kong, India, Jamaika, Nigeria, Singapore, Afrika Kusini, Ukraine na Zimbabwe wanaweza kuiomba moja kwa moja, lakini kwa nchi nyingi kati ya hizo ni kwa masomo ya hisabati, sayansi na lugha tu. Waliosomea kwingine kusiko kwenye orodha zao huweza kufundisha shule za serikali hadi miaka 4 bila QTS. Hapo ndipo penye mtego: shule huweza kukulipa kwa ngazi ya mwalimu asiye na hadhi hiyo, na ngazi hiyo iko chini. Kwa hiyo mtu akikutajia mshahara wa mwalimu wa England, muulize ni wa ngazi ipi. Scotland wana baraza lao la kusajili walimu na utaratibu wao, usichanganye.

Vyeti navyo vina safari yake. Nchi zilizo ndani ya Mkataba wa Hague wa 1961 hupokea muhuri mmoja unaoitwa apostili. Saudi Arabia iliingia Desemba 2022, China Novemba 2023. Falme za Kiarabu hazimo, na huko cheti changu kilizunguka dirisha hadi dirisha kikikusanya mihuri hadi nyuma ya karatasi pakakosa nafasi. Anza na vyeti hata kabla hujapata kazi.

Shusha mshahara mpaka chini

Chukua mshahara ulioandikwa kwenye barua uuite 100, uwe wa fedha yoyote. Kisha uanze kuukata.

Falme za Kiarabu hazitozi kodi kwenye mshahara, na hilo ndilo lililonipofusha. Nilichotakiwa kuangalia ni mgawanyo. Mkataba wa huko hutenganisha mshahara wa msingi na posho za nyumba na usafiri, na kiinua mgongo chako huhesabiwa kwa ule wa msingi peke yake: siku 21 kwa kila mwaka wa miaka 5 ya mwanzo, siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, na ukiondoka kabla ya mwaka kutimia hupati kitu. Sasa weka mikataba miwili, yote ni 100 kwa mwezi. Wa kwanza msingi ni 70, wa pili ni 50. Baada ya miaka 2 wa kwanza anaondoka na 98, wa pili na 70. Barua zao zilionekana pacha. Wangu ulikuwa huu wa pili.

Posho inayokuja kama kitu, si fedha, ipime kwa jicho kali. Mwenzangu mmoja alinipigia akishangilia, "Dada, wananipa nyumba bure!" Nikamwuliza ni ya peke yake au ya kushirikiana, iko umbali gani na shule, na kama mumewe akija atalala wapi. Akanyamaza. Nyumba ya namna hiyo huwezi kuiuza ukapanga nyingine.

Uingereza mambo ni kinyume: makato yanaonekana waziwazi kwenye hati ya mshahara. Kuna kodi ya mapato, mchango wa bima ya taifa, na mfuko wa pensheni wa walimu unaoanzia asilimia 7.4 ya mshahara. Pensheni ni mali yako, nakubali, ila mwezi huu haikununulii kitu. Lakini kilichonishtua kilikuja kabla sijapanda ndege. Mwombaji wa viza ya kazi hulipia huduma ya afya mapema, kwa miaka yote ya viza kwa mkupuo. Tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, kila mwaka. Wazazi wawili na watoto wawili kwa viza ya miaka 3 ni pauni 10,866, na ada ya viza yenyewe haijaguswa. Uliza shule kama inarudisha sehemu yoyote. Zipo zinazorudisha, na mara nyingi hazisemi mpaka ziulizwe.

Marekani uliza swali moja la kijinga: mshahara huu wa mwaka unalipwa kwa miezi 10 au 12? Walimu wengi huko hulipwa kwa mwaka wa shule, na baadhi ya wilaya hukuruhusu kuutandaza ufike miezi 12. Usipojua, utafika likizo ndefu mfuko ukiwa mtupu. Tena viza ya J-1 ya walimu ni ya miaka 3, huongezwa isizidi jumla ya 5, na baadhi ya wenye viza hiyo hufungwa na sharti la kurudi kwao miaka 2 kabla ya kuomba aina fulani za viza za kazi au ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo mkopo wa kulipwa miaka saba usiuchukue kwa kuitegemea kazi hiyo.

Ukimaliza makato, toa kodi ya nyumba, chakula, usafiri na fedha unayotuma nyumbani. Hiyo ya mwisho watu huiacha nje ya hesabu kwa sababu wanaiita ya hiari. Iandike. Kinachobaki ndicho mshahara wako.

Saa, siyo vipindi

Hapa ndipo nilipoanguka kabisa, na ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi.

Kwenye usaili niliuliza, "Vipindi vingapi kwa wiki?" Wakanijibu kwa ukweli mtupu. Walichokuwa hawajaulizwa ni zamu ya geti asubuhi, klabu mbili baada ya masomo, kuziba pengo la mwalimu mgonjwa, ripoti za kila wiki, na ujumbe wa wazazi unaotakiwa kujibiwa siku hiyohiyo. Wiki ya nne nilichukua daftari nikaandika kila saa ya kazi, pamoja na ile ya kusahihisha kitandani. Nilirudia wiki tatu. Wastani ulikuwa saa 56, na kufundisha kwenyewe hakukufika nusu.

Baadaye niliona kwamba si mimi peke yangu. Katika uchunguzi wa kimataifa wa walimu uitwao TALIS, wa shirika la ushirikiano wa kiuchumi OECD, wa 2018, walimu wa sekondari ya chini Japani walisema wanafanya kazi saa 56 kwa wiki, na kati ya hizo kufundisha ni saa 18 tu. Mtu anayeuliza vipindi Japani atajibiwa 18 na kufurahi.

Sheria pia zisome mpaka mwisho. Shule za serikali za England zinazofuata masharti ya kitaifa zina kikomo cha saa 1,265 kwa mwaka, katika siku 195, ambazo mkuu anaweza kukupangia kazi. Na angalau asilimia 10 ya muda wako wa kufundisha lazima itengwe kwa kuandaa na kusahihisha. Ukizigawa saa hizo kwa siku unapata kama sita na nusu, unaanza kupanga utakavyotumia jioni. Lakini masharti hayohayo yanasema mwalimu atafanya kazi saa nyingine zinazohitajika kutimiza wajibu wake. Saa hizo nyingine ndizo zinazokula Jumapili. Na shule nyingi huko, zile za mfumo wa akademi, yaani za serikali lakini zinazojiendesha zenyewe, huweza kuwa na masharti yake.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza fedha, omba ratiba halisi ya mwalimu unayechukua nafasi yake. Ukiipata, usihesabu vipindi tu. Hesabu maandalio: madarasa matano ya kidato kimoja ni andalio moja, madarasa matano ya vidato vitano ni matano. Uliza kila darasa lina wanafunzi wangapi, maana madaftari 150 na madaftari 90 si usiku mmoja. Halafu omba kuzungumza na mwalimu anayefundisha pale sasa, bila bosi wake kwenye simu, umwulize jambo moja: jana ulitoka saa ngapi?

Kisha gawanya. Tuseme barua A inakubakizia 45 kwa mwezi kwa kazi ya saa 56 kwa wiki, na B inakubakizia 36 kwa saa 44. Kwa mwezi wa wiki nne, A ni 45 kwa saa 224, kama 0.20. B ni 36 kwa saa 176, imepita A kwa unywele. Ile iliyoonekana kuzidi kwa robo nzima ilikuwa inakununua saa zako kwa bei ileile, ila inanunua nyingi zaidi. Kama una deni au ada za watoto zinakusubiri, chukua A na usimsikilize mtu. Mimi wakati ule sikuwa na deni. Nilikuwa na uchovu.

Maisha nje ya geti

Sina fomula ya hili. Nina maswali ninayoyaheshimu: mwenzi wako ataruhusiwa kufanya kazi kwa viza yako? Nafasi ya mtoto shuleni ni bure kwa watoto wangapi, na hadi darasa la ngapi? Siku za mapumziko ni zipi? Sharjah, mojawapo ya Falme za Kiarabu, tangu 2022 wiki ya shule ni ya siku nne, wakati falme jirani zina Ijumaa nusu siku. Ni mwendo wa gari kati yao, maisha mawili. Na usidharau jua. London mwezi Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni. Majira yale niliingia shuleni gizani nikatoka gizani, na hakuna aliyekuwa ameniambia niweke hilo kwenye hesabu.

Mawakala

Wakala halali hulipwa na shule. Mmoja aliniomba "ada ya kushikilia nafasi". Nilipomtaka aniandikie hilo kwa barua, alipotea. Pasipoti yako mwajiri hana haki ya kuishikilia, na Falme za Kiarabu zenyewe zinakataza. Nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana mwaka 2004 kuhusu namna ya kuajiri walimu kutoka nje, pamoja na kuwapa taarifa kamili kabla hawajasaini. Makubaliano yale hayana nguvu ya sheria, ila kuyataja kwenye barua pepe humfanya mtu akae sawa.

Nilipotafuta kazi ya pili niliandikia shule nne ujumbe uleule: "Naomba ratiba ya mwalimu aliyepo, idadi ya wanafunzi kwa kila darasa, orodha ya zamu na klabu, na mgawanyo wa mshahara kabla na baada ya makato." Mbili hazikujibu. Ya tatu ilisema tutazungumza nikifika. Ya nne ilituma ratiba baada ya siku mbili, jina la mwalimu limefutwa kwa wino mweusi, vipindi 21, maandalio manne, zamu moja ya mapumziko siku ya Jumatano. Mshahara wake ulikuwa wa tatu kwa ukubwa. Septemba nilipopewa ratiba yangu niliiweka kando ya ile, nikahesabu. Vilikuwa 21, na Jumatano nilikuwa uwanjani na filimbi.