Ukienda kula steki Dodoma usiulize kama nyama ni ya leo

Wakuu, kwanza tuelewane, steki ya buchani siyo steki ya mgahawani. Pale soko la Majengo ukisema nipimie steki kilo unakatiwa nyama isiyo na mfupa, mara nyingi paja, na kwa rosti iko poa sana. Sasa hiyo hiyo mtu akiirusha kwenye pani dakika chache akakuletea na chipsi, umeuziwa soli ya raba.

Kwa hiyo kabla ya oda uliza ni sehemu gani ya ng'ombe. Fileti, wazee wanaiita sarara, ndo laini kuliko zote maana ule msuli umejificha chini ya uti wa mgongo haufanyi kazi yoyote ya maana. Ribeye, ile ya mbavuni, ina mafuta katikati ya nyama so utamu wake uko juu, T-bone unapata sirloin (nyama ya mgongoni) upande huu na fileti upande ule, mfupa kati. Mhudumu akikujibu "ni steki tu kaka", agiza kuku.

Swali la pili ndo linalotuangusha. Mwezi uliopita nilimpeleka shemeji yangu sehemu moja hapa mjini, kakuja kikazi kutoka Dar, nikajifanya mjuaji nikauliza nyama ya lini, dada akajibu kwa fahari kabisa "ya leo asubuhi kaka, freshi". Nikafurahi. Shemeji alitafuna tonge la kwanza mpaka akaiweka simu chini, mishipa ya kichwani imemtoka, mwisho akalitema kwenye tishu kiaina.

Iko hivi: ng'ombe wetu wengi ni zebu, wale wenye nundu, mnyama katembea huko Bahi na Chamwino kutafuta majani, misuli imekomaa. Akishachinjwa nyama inakaza, halafu inahitaji kulala kwenye friji, nyuzi 0 mpaka 4, wiki moja hadi mbili hivi, hapo inajilainisha yenyewe taratibu. Nyama ya asubuhi ipeleke kwenye supu au ile choma ya mnada wa Msalato inayokaa na moto polepole ukakatiwa vipande vidogo, huko sina ugomvi nayo. Kwa steki uliza "imelala siku ngapi?" Wakikushangaa, jibu umeshapata.

Kuiva sasa. Rea, yaani bado mbichi ndani, ni kama nyuzi 50 katikati, midiamu, iliyoiva kiasi, karibu 60, weldani, iliyoiva kabisa, 70 kwenda juu. Mimi rea sishauri kwa huku kwetu, tegu anapatikana kwenye nyama ya ng'ombe isiyoiva vizuri, we chukua midiamu au ipite kidogo. Weldani kwa fileti ni kuichoma hela yako, ila hela ni yako.

Ikifika usianzie pembeni, kata katikati uone rangi, maana mbichi inarudishwa jikoni lakini iliyopitiliza ndo basi tena. Kile kimaji chekundu siyo damu, usipige kelele. Kata kwa kukatisha nyuzi za nyama, usizifuate. Na gramu 300 za kwenye menyu ni kabla ya moto, usianze kudai mizani.

Chipsi omba zije sahani nyingine, zikishalowana na kile kimaji hazilikiki.