Mtoto hajawahi kuajiriwa, kwenye CV aandike nini?

Mtoto wa dada yangu ana miaka 16. Jioni moja alikaa kwenye meza ya jikoni kwetu hapa Columbus, Ohio, akaandika jina lake na shule yake. Alipofika kwenye kichwa cha uzoefu, akaweka kalamu chini. "Mama mdogo, mimi sijawahi kufanya kazi."

Nikamuuliza, "Jumamosi asubuhi huwa unakwenda wapi?"

"Madrasa, kuwafundisha wadogo."

"Wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Tangu lini?"

"Tangu niko darasa la tisa."

"Basi hiyo ni kazi. Iandike." Akanitazama kama mtu anayefundishwa uongo.

Wazazi wenzangu, hapo ndipo watoto wetu wanapokwama. Nyumbani kwetu mtoto akilea mdogo wake, akimfanyia bibi ukalimani, akikaanga sambusa za oda ya harusi hadi usiku wa manane, hilo ni jukumu lake na wala halitangazwi. Ni malezi mazuri, nami sitaki yapotee. Lakini meneja wa duka hawezi kuyajua asipoambiwa, na mtoto mwenyewe hayakumbuki kwa sababu hajawahi kuyahesabu. Kaa naye umkumbushe. Wewe ndiye shahidi wake.

Ukishayapata, yaandikeni kwa namna ya kueleweka. Mwanetu alianza na "Nilisaidia madrasa." Hapo msomaji haambulii kitu. Tukaifumua hadi ikawa hivi: "Nilifundisha watoto 12 wa miaka 6 hadi 8 kusoma herufi za Kiarabu, kwa saa mbili kila Jumamosi, tangu Septemba 2023." Kitenzi kimeeleza alichofanya, idadi imeonyesha ukubwa wa kazi, na muda umethibitisha kwamba si mtu wa kuja leo na kesho asionekane. Kwa Kiingereza sentensi za CV huanza na kitenzi chenyewe, bila kutaja "mimi". Vivyo hivyo kwa anayemsaidia mama kwenye biashara ya chakula: alipokea oda ngapi, alishika pesa, alihudumia wageni wangapi? Anayeongoza kwaya ya vijana kanisani aseme waimbaji ni wangapi na mazoezi ni mara ngapi kwa wiki. Msiongeze chumvi hata kidogo. Kila mstari ulioandikwa unaweza kuulizwa kwenye usaili, na kijana aliyesema kweli atajibu bila kubabaika.

Lugha zipewe sehemu yake. Kiswahili, na kama kipo Kinyarwanda, Kilingala au Kisomali, ni mtaji mkubwa kwenye miji yenye wahamiaji wengi. Ila kiwango kiwe cha kweli: anayeelewa lakini hujibu kwa Kiingereza aseme anaelewa.

Sasa tuje kwa sisi tuliosoma nyumbani. CV tulizozizoea zilikuwa na picha, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, pengine hata namba ya kitambulisho. Marekani vyote hivyo haviwekwi. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza mwajiri kubagua kwa rangi, dini, jinsia au asili ya mtu, na waajiri wengi wanapendelea wasiyaone kabisa mambo hayo kwenye karatasi. Namba ya Social Security, ile ya utambulisho inayotolewa na serikali, isiandikwe kamwe, maana karatasi hiyo itapita mikononi mwa watu usiowajua. Kuhusu neno madrasa, ambalo lenyewe linataja dini, nilimwachia mwanetu aamue. Akaliacha libaki, nami nilifurahi.

Ukurasa uwe mmoja tu. Kwenye elimu, aliyekuja juzi kutoka Kenya au Tanzania asiandike kidato pekee. Ataje darasa alilopangiwa hapa na mwaka anaotarajia kuhitimu. Wadhamini, yaani watu wa kumshuhudia kwa mwajiri, wasiwe wajomba na mashangazi. Mwalimu, kocha, ustadhi au mchungaji wanafaa, waombwe ruhusa kwanza, na majina yao yakae kwenye karatasi ya pembeni hadi yatakapoulizwa. Barua pepe iwe ya jina lake, si ile ya michezo ya kompyuta. Na simu! Vijana hawapokei namba wasizozijua, na mwajiri ni namba asiyoijua. Apokee, na sanduku la ujumbe wa sauti lisiwe limejaa.

Kabla hajaomba, jueni saa anazoruhusiwa. Kwa sheria ya nchi nzima, kazi nyingi zisizo za shamba huanzia miaka 14. Wa miaka 14 na 15 hawazidishi saa 3 siku ya shule wala saa 18 wiki ya shule, kati ya saa moja asubuhi na saa moja usiku. Kuanzia Juni 1 hadi Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, mwisho ni saa tatu usiku. Majimbo yana sheria zao juu ya hizo, na mengine yanadai kibali cha kazi kwa mwanafunzi, kwa hiyo ulizeni shuleni. Mwenye kesi ya hifadhi ambayo haijaamuliwa lazima kwanza awe na kibali cha kazi cha uhamiaji, ambacho ni tofauti na hicho cha mwanafunzi. Karatasi za uhamiaji hazipelekwi pamoja na CV. Hati za kuthibitisha kwamba anaruhusiwa kufanya kazi zitatakiwa akishaajiriwa, kwenye fomu ya serikali iitwayo I-9.

Chapeni nakala mbili tatu, hata maktaba ya mtaani inatosha. Kama ni mgahawa, aende alasiri, watu wa chakula cha mchana wakishapungua, aombe kuonana na meneja, ataje jina lake. Mzazi abaki kwenye gari.