Namna ya Kuimarisha Gridi ya Taifa Ili Viwanda Viutegemee Umeme Wake

Anayepanga kuimarisha gridi ya Tanzania aanze na njia za kusafirisha umeme kabla ya kufikiria mitambo mipya ya kuuzalisha. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, yaani megawati 2,115 kwa jumla, lakini umeme huo haumfai mwenye kiwanda wa Arusha au Mwanza iwapo laini na vituo vya kupoza umeme vilivyo njiani vimeelemewa.

Kazi itangulie kwa kupima. Kila laini inayotoka kituoni na kila transfoma ifungwe mita, kisha umeme ulioingia ulinganishwe na ule uliouzwa, ili ijulikane ni wapi unapotea kwa sababu ya nyaya chakavu na ni wapi unaibwa.

Kwenye umbali mrefu, msongo, yaani nguvu inayosukuma umeme (volti), upandishwe. Kwa kiasi kilekile cha umeme, msongo ukiongezwa mara mbili mkondo hupungua kwa nusu, na upotevu ndani ya nyaya hushuka hadi robo. Ndiyo maana njia ya Iringa hadi Shinyanga, kupitia Dodoma na Singida, ilijengwa kwa kiwango cha kilovolti 400.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote ni akiba, yaani uwezo wa ziada wa kuzalisha umeme unaoweza kutumika mara moja. Mashine moja ya Rufiji ikizimika ghafla, gridi hupoteza papo hapo megawati nyingi kuliko uwezo wa kituo kizima cha Kidatu, ambao ni megawati 204. Mzunguko wa umeme, ambao hujirudia mara 50 kila sekunde (hezi 50), huanza kushuka mara moja, na mitambo mingine ikijizima ili kujilinda, nchi nzima huweza kukosa umeme. Kwa hiyo akiba isiyopungua uwezo wa mashine kubwa kuliko zote iliyo kazini iwekwe kwenye mitambo ambayo tayari inazunguka, na relei, yaani vifaa vinavyokata umeme vyenyewe, zipangwe kukata maeneo kwa zamu iliyokubaliwa mapema, hospitali zikiwa za mwisho. Muunganisho na Kenya, kati ya Isinya upande wa Kenya na Singida, unasaidia sana, ila hitilafu nayo huvuka mpaka, hivyo mipangilio ya ulinzi ni lazima ikubaliwe na pande zote mbili.

Eneo la viwanda lipewe laini kutoka vituo viwili tofauti. Msongo ukiyumba kwa sehemu ya sekunde tu, mashine za kiwanda cha plastiki husimama na malighafi kugandia ndani, hasara ambayo takwimu za saa za kukatika umeme hazionyeshi. Kwa sababu hiyo, myumbo wa kila laini nao urekodiwe na kutangazwa kila mwezi.