Zana za Kufundishia Hisabati kwa Gharama Ndogo: Mahali pa Kutafuta na Namna ya Kuchagua

Kabla ya kufungua simu au kwenda steshenari, andika kwenye karatasi mada moja utakayofundisha wiki ijayo na kosa moja ambalo wanafunzi wako hulirudia katika mada hiyo. Usiandike "sehemu" peke yake, kwa kuwa neno hilo ni pana mno. Andika kwamba wanafunzi wa Darasa la Tano wanajumlisha 1/2 na 1/3 wakapata 2/5, kwa sababu wanajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Mwalimu anayelijua kosa kwa undani huo hutafuta zana moja au mbili na kuzipata, ilhali mwenye wazo la jumla hupakua mafaili mengi yanayojaza simu na ambayo hatayafungua tena.

Kwa mwalimu wa Tanzania, mahali pa kwanza pa kuangalia ni Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ambako vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Jambo la kuzingatia hapo ni toleo la kitabu. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu mwaka 2024, na kwa sababu hiyo kitabu cha zamani kinaweza kuwa na mada ileile iliyopangwa katika darasa jingine au kwa mfuatano tofauti. Hakuna haja ya kukitupa, kwani mazoezi ya kugawanya hayazeeki; fuata mpangilio wa muhtasari mpya, kisha chota maswali ya ziada katika kitabu cha zamani. Walimu wa Kenya wana hazina ya namna hiyo katika Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya nchi yao, KICD. Mradi wa TESSA, ulioanzishwa kwa uongozi wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, nao hutoa bure moduli za walimu wa shule za msingi, zikiwamo za Hisabati, na baadhi yake zimeandikwa kwa Kiswahili.

Chanzo ambacho walimu wengi hukipita bila kukitazama, na ambacho kwa maoni yangu kina thamani kuliko vyote vya mtandaoni, ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Watu huingia katika tovuti ya Baraza kutafuta matokeo, na pengine mitihani iliyopita, kisha hutoka. Taarifa hizo hupitia mtihani swali kwa swali, zikieleza ni wapi watahiniwa walikosea na ni dhana gani ambayo hawakuielewa, na katika maswali ya kujieleza huonyesha mifano ya majibu sahihi na yasiyo sahihi. Ukisoma taarifa za miaka miwili au mitatu ya somo la Hisabati utaona makosa yaleyale yakirudi: mpangilio wa matendo, kubadili vipimo, mafumbo ya maneno ambayo mwanafunzi ameshindwa kuyageuza kuwa mlinganyo. Hapo ndipo ile karatasi yako ya mwanzo inapopata nguvu, kwa sababu unaweza kulinganisha kosa la darasa lako na kosa la nchi nzima, na ukachagua swali la kufundishia ambalo limekwisha kupimwa.

Kuhusu video na programu za kompyuta, upatikanaji si kikwazo. Kinachogharimu ni bando. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, hufundisha Hisabati kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili, na zile za Akili and Me huwafaa watoto wa umri wa awali. Khan Academy ina masomo yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ina maigizo ya kompyuta kuhusu sehemu, eneo na grafu, baadhi yakiwa kwa Kiswahili. GeoGebra huchora maumbo na grafu, na ni bure kwa mwalimu anayeitumia darasani. Pakua mara moja mahali penye intaneti ya uhakika, kisha wagawie wenzako kwa flashi au kadi ya kumbukumbu. Shule yenye kompyuta hata moja inaweza kusimika Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti: kompyuta hiyo hubeba masomo yote, na simu au kompyuta nyingine ndani ya jengo huyasoma kupitia mtandao wa ndani bila kutumia bando.

Gharama ya kutoa kopi nayo huwashtukiza wengi. Zoezi lililopakuliwa bure hugeuka kuwa kurasa 60 kwa darasa la wanafunzi 60, na hilo likirudiwa kila wiki hakuna mshahara utakaohimili. Toa nakala moja kwa kila kundi la wanafunzi sita, waagize waandike majibu kwenye madaftari yao, kisha zikusanye nakala zote kumi kwa ajili ya mwaka ujao. Maswali mafupi hayahitaji karatasi hata kidogo, ubao unatosha.

Hata hivyo, kwa madarasa ya chini, zana bora hazimo katika simu. Trei ya mayai ya maboksi ina matundu 30, yaani safu sita zenye matundu matano kila moja. Ukiikata kila baada ya safu mbili unapata vipande vitatu vyenye matundu kumi kila kimoja, na mtoto anayetakiwa kujumlisha 8 na 5 hujaza vizibo vinane vya chupa katika kipande cha kwanza, huona kwamba matundu mawili yamebaki, huchukua viwili kutoka katika vile vitano na kubaki na vitatu. Kumi na tatu ameiona kwa macho kabla ya kuiandika. Trei ambayo haijakatwa hufundishia kuzidisha: geuza trei robo mzunguko, na tano mara sita inakuwa sita mara tano bila kuongeza wala kupunguza tundu.

Vizibo hupatikana kwa wauza vinywaji, ambao kwa kawaida huvitupa. Ukimwomba kila mwanafunzi wa darasa la watu 60 alete 20, utapata 1,200, ambavyo vinatosha kuyapa makundi kumi vizibo 100 kila moja na akiba ikabaki. Vioshe, na vile vya chuma vigonge kwa nyundo ili kingo zisikate vidole. Watoto wa awali wasipewe vitu vidogo wanavyoweza kumeza. Kwao tumia vifuniko vikubwa vya plastiki.

Kwa thamani ya tarakimu, vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli huwa na faida ambayo chati haina: katika 42 kutoa 17, mtoto hulazimika kufungua fungu moja ili apate mamoja ya kutosha, na neno "kukopa" linapata maana. Kwa lile kosa la sehemu, kata vipande vya karatasi vyenye urefu sawa, kunja kimoja kiwe na sehemu mbili sawa, kingine sehemu tatu sawa, cha tatu sehemu sita sawa. Nusu hufunika 3/6, theluthi hufunika 2/6, na jibu la 5/6 linaonekana juu ya meza. Madarasa ya juu wapime kwa uzi mzingo na kipenyo cha vifuniko vya sufuria vya ukubwa mbalimbali, wagawanye mzingo kwa kipenyo, na wajionee kwamba jibu hukaribia 3.14 kila mara. Ubao wenye misumari 25 iliyopangwa tano kwa tano, pamoja na mipira ya kufungia noti, hufundishia eneo na mzingo kwa miaka mingi, na seremala wa jirani hatakunyima kipande cha mbao alichokwisha kukata.

Chati ichorwe juu ya kiroba cheupe kilichofunguliwa na kuoshwa, kwa kuwa manila hupinda na kuchanika ndani ya muhula mmoja. Risiti za umeme wa LUKU na bango la makato kwa wakala wa fedha za simu hukupa takwimu halisi za kufundishia uwiano, asilimia na majedwali. Bango hilo lipigwe picha, usilibandue.

Katika makundi ya walimu ya WhatsApp, kuwa mwangalifu. Nukuu za masomo na mitihani inayosambazwa huko mara nyingi haina jina la mwandishi, na majibu yenye makosa hupita mkono hadi mkono, kwa hiyo fanya kila swali mwenyewe kabla ya kulipeleka darasani. Vitabu vya kampuni vilivyopigwa picha kurasa zote ni mali ya watu, na vyenye leseni huria, yaani vile ambavyo wenyewe wameruhusu vinakiliwe bure, vipo vya kutosha.

Yatakayobaki ya kununua ni machache: kompasi na kipimapembe cha ubaoni, makapeni, mkasi, gundi. Yaorodheshe pamoja na bei na uyapeleke kwa mwalimu mkuu kabla fedha za ruzuku hazijapangiwa matumizi, ukionyesha mada ambayo kila kifaa kitatumika. Kila fungu la vizibo na vijiti liwe na mfuko wake ulioandikwa idadi kwa nje, na kundi lililolitumia lihesabu na kurudisha dakika tano kabla ya kengele.